Somo la michezo: Shampiona ni kitu gani?



Tangu masomo yafunguliwe, wengi wanatuuliza sisi wa kamati ya michezo ulizo moja: juu ya nini mwaka uliopita tulifuta pointi za watu? Wadogo wetu wa kalasi ya saba njo wanaouliza zaidi, na wana haki. Tukaona si vizuri kuwajibu paka kwa kinywa pale mlangoni pa kalasi. Afazali tuandike somo zima, kila mtu alisome kwa nafasi yake. Tutaanza mbali kidogo, kule Ujerumani, kisha tutarudi hapa kwetu Kasulo.

1. Kombe na shampiona

Sisi wa Katanga tunajua vizuri kombe ni nini. Mwezi wa 12 mwaka 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilifika finali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi. Ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika pale. Ikapigwa na Inter ya Italia 3 kwa 0, mambo yakaisha. Kombe ni mbio fupi: ukianguka, unarudi nyumbani.

Shampiona ni safari ndefu. Kila ekipe inakutana na kila ekipe mara mbili, mara moja kwake na mara moja kwa mwenzake. Ukipigwa leo, juma lijalo unacheza tena. Ukishinda leo, juma lijalo unaanza tena na jasho jipya. Mwisho wa msimu hawaulizi nani alishangaza watu siku moja. Wanahesabu siku zote, pamoja na zile za mvua ambazo hakuna aliyekuja kutazama.

Mchezo wetu hapa masomoni ni mpira wa mikono. Kila mtu anaujua: watu 7 kila upande na kipa ndani yao, mara mbili dakika 30 kwa wakubwa, uwanja wa metre 40 kwa 20, mstari wa metre 6 ambao mchezaji haruhusiwi kuukanyaga, na hatua 3 tu ukishika mpira mkononi. Msiseme ni mchezo wa Wazungu peke yao. Wanawake wa inchi yetu walicheza Kombe la Dunia mwaka 2013 kule Serbia, 2015 kule Denmark na 2019 kule Japani. Wanaume walifika mara ya kwanza mwaka 2021 kule Misri. Na mwisho wa mwaka 2024, Kombe la Afrika la wanawake lilichezwa kwetu Kinshasa. Lakini mchezaji hatengenezwi katika majuma mawili ya kombe. Anatengenezwa katika msimu.

Shampiona moja yenye nguvu sana duniani ni ile ya Ujerumani, inayoitwa Bundesliga. Ilianza mwaka 1966. Hapo mwanzo ekipe ziligawanywa katika makundi mawili, la kaskazini na la kusini. Tangu 1977 ni kundi moja. Mshindi wa kwanza kabisa alitoka Gummersbach, mji mdogo wa watu kama elfu 50. Kolwezi yetu inaupita mbali. Wachezaji wa kule mpira njo kazi yao: wanaandika mkataba, wanalipwa kwa mwezi kama mfanyakazi wa kampuni.

Ekipe ni 18. Fanyeni hesabu: kila moja inakutana na wenzake 17 mara mbili, ni michezo 34. Jumla ni michezo 306. Wanaanza mwisho wa kiangazi chao, mwezi wa 8 ao wa 9, wanamaliza mwezi wa 5 ao wa 6. Ukishinda unapata pointi 2, mkilingana kila mmoja anapata 1, ukipigwa hupati kitu. Wajerumani wanaandika pia zile pointi ulizopoteza. Kwa hiyo wakiandika 50:18, maana yake umeshika 50 na umeangusha 18. Ukizijumlisha ni 68 sikuzote, kwa sababu michezo ni 34.

Sasa tuangalie misimu mitatu ya ile shampiona. Kila mmoja una fundisho lake.

2. Msimu wa 2011–2012: kutokuangusha hata moja

Kiel ni mji wa bandari, kaskazini ya Ujerumani. Ekipe yake inaitwa THW Kiel, na uwanja wake ni nyumba yenye paa inayoingiza watu zaidi ya elfu 10. Ule msimu kocha wao alikuwa Alfreð Gíslason, mtu wa Iceland. Kipa alikuwa Thierry Omeyer wa Ufaransa. Filip Jícha alitoka Inchi ya Cheki, Marcus Ahlm na Kim Andersson walitoka Sweden, Aron Pálmarsson alitoka Iceland kama kocha. Kabila mbalimbali, luga mbalimbali, ekipe moja.

Walicheza michezo 34. Walishinda michezo 34. Mwisho wa msimu karatasi ikaandikwa 68:0. Hata kulingana mara moja, hapana. Ule mwaka wakachukua pia kombe la inchi yao na kombe la klabu bingwa za Ulaya. Katika finali kule Köln waliipiga Atlético Madrid 26 kwa 21.

Mtu anaweza kusema: walikuwa na nguvu, basi. Ndiyo, walikuwa na nguvu. Lakini fikirini tena. Katika miezi 9 mtu anaugua, anachoka, anafiwa. Anasafiri usiku mzima katika gari na kesho yake anacheza. Nguvu peke yake haiwezi kukufikisha kwenye michezo 34. Kinachofikisha ni kwamba kila mara mmoja alipokosa, mwenzake alikuwa tayari kusimama mahali pake. Fundisho la kwanza: shampiona haishindwi na watu 7, inashindwa na wale wanaongoja kwenye benchi vilevile.

3. Msimu wa 2013–2014: magoli mawili

Miaka miwili nyuma ya ile, Kiel ilipata shida. Ekipe nyingine, Rhein-Neckar Löwen, ilikuwa mbele yake mpaka siku ya mwisho. Pointi zilikuwa sawasawa. Tofauti ilikuwa paka katika magoli: Löwen walikuwa na magoli 7 zaidi.

Siku ya mwisho, mwezi wa 5 mwaka 2014, ekipe zote mbili zilicheza saa moja, kila moja katika mji mbalimbali. Löwen waliipiga Gummersbach 40 kwa 35. Ni ushindi mzuri, wa magoli 5. Lakini Kiel waliipiga ekipe ya Berlin 37 kwa 23, ni magoli 14. Chukueni kalamu: 14 kutoa 5 ni 9, na 9 kutoa 7 ni 2. Ekipe zote mbili zilimaliza 59:9, na Kiel ikawa bingwa kwa magoli 2.

Hebu tuwaze ginsi wachezaji wa Löwen walivyorudi nyumbani ile siku. Katika michezo 34, dakika 60 kila mmoja, nani asiyekumbuka goli 2 alizoachilia bure? Labda ilikuwa mwezi wa 10, wako mbele kwa magoli 8, kipa amechoka, mlinzi anasema moyoni: tumeisha kushinda, wacha aingie. Lile goli halikuonekana kitu siku ile. Lilionekana mwezi wa 5. Fundisho la pili: katika shampiona hakuna siku ndogo.

Mwalimu wetu wa hesabu anasema vilevile juu ya maulizo madogo ya kila juma. Tulikuwa tunamcheka.

4. Msimu wa 2015–2016: ekipe iliyotoka njiani

Hapa njo tunafika kwenye ulizo la wadogo wetu.

Hamburg ni mji mkubwa wa bandari. Ekipe yake ya mpira wa mikono haikuwa zaifu. Mwaka 2011 ilikuwa bingwa wa Ujerumani. Mwaka 2013 ilichukua kombe la klabu bingwa za Ulaya, ikaipiga Barcelona 30 kwa 29 baada ya dakika za kuongeza. Lakini nyumba yake ilisimama juu ya nguzo moja: ilitegemea sana mfuko wa tajiri mmoja. Mwezi wa 12 mwaka 2015 feza ilikauka, ekipe ikakwenda mbele ya tribinali kusema haiwezi tena kulipa. Mwezi wa 1 mwaka 2016 ikatoka katika shampiona, katikati ya msimu.

Sasa fanya nini? Ekipe zingine zilikuwa zimeisha kucheza nayo mara mbili. Zingine mara moja tu. Ukiacha zile pointi, mmoja amepata nafasi mbili za kuipiga Hamburg na mwingine nafasi moja. Ukisema wale waliobaki wapewe ushindi wa bure, umewapa wengine pointi pasipo jasho. Hakuna njia yenye haki kwa wote isipokuwa moja: kufuta kila kitu. Michezo yote ya Hamburg ya ule msimu ilifutwa. Waliokuwa wameipiga walipoteza pointi zao. Waliokuwa wamepigwa nayo waliponywa. Ekipe zikabaki 17, michezo 32 kwa kila moja, na bingwa akawa Rhein-Neckar Löwen, wale wa magoli mawili. Ilikuwa mara yao ya kwanza.

Fundisho la tatu njo hili, na ni zito: ukitoka njiani, huchukui pointi zako peke yako. Unabeba na za wengine, hata za wale waliokupiga.

Lakini habari ya Hamburg haikuishia pale. Walianza tena chini, katika daraja la tatu. Mwaka 2018 wakapanda la pili. Mwaka 2021 wakarudi katika Bundesliga. Ilikuwa miaka 5. Kurudi kunawezekana, lakini ni safari ndefu kuliko kubaki.

5. Na sisi, hapa Kasulo

Mnajua shampiona yetu ya mwaka uliopita. Kalasi 6, tangu ya saba na ya nane mpaka ya ine ya juu. Kila kalasi michezo 10, jumla 30, kila siku ya posho kuanzia saa nane. Kalasi ya pili ilikuwa ekipe nzuri. Iliipiga kalasi ya ine, jambo ambalo hakuna mtu aliyelingojea, na sifa yote ilikuwa ya kipa wao.

Kisha ikaja ile siku ya posho ambayo kalasi ya saba waliipiga kalasi ya pili 11 kwa 10. Wote tunakumbuka. Wadogo waliruka, waliimba mpaka njiani. Ule ulikuwa ushindi wao mmoja tu. Na sisi tulicheka sana, tukawaita wakubwa wa kalasi ya pili majina ya kila namna.

Jambo moja hatukuuliza. Kipa wao hakuwapo ile siku. Tulisema ni mgonjwa. Hakuna mtu aliyekwenda kumuona.

Juma lililofuata wakakosa wawili wengine. Juma lingine wakawa wanne. Hapo tu tulijua: walikuwa kwenye mashimo. Hatuhitaji kueleza sana, sisi tunaishi hapa. Tangu 2014, watu walipopata kobalti chini ya nyumba za Kasulo, mashimo yalichimbwa viwanjani na hata chini ya sakafu. Mwaka 2017 watu wa sehemu moja ya kartie waliondolewa, ile sehemu ikazungushiwa ukuta. Lakini jiwe halikuisha, na wanaolitafuta hawakuisha. Mtoto wa miaka 15 anaweza kubeba feza nyumbani jioni ileile, feza ambayo masomo hayatampa kwa miaka mingi. Anaweza vilevile asirudi jioni.

Kalasi ya pili haikuweza kupata watu 7, ikatoka. Ilikuwa imecheza michezo 4: na ya ine, ya tatu, ya kwanza, na ya saba. Na kalasi ya nane bado. Tukajadiliana usiku mmoja mzima, tukafanya kama walivyofanya Wajerumani: tukafuta yote. Kalasi ya ine, iliyokuwa imepigwa, ikapanda bila jasho, na kalasi ya tatu ikanungunika. Kalasi ya saba wakabaki na pointi 0. Mmoja wao akatuambia: «Shiye tulibapiga, juu ya nini pointi inaisha?»

Wadogo wetu, jibu ni hili tuliloandika juu. Sheria ilikuwa ya haki. Lakini tunakubali mbele yenu kwamba sheria ilikuja nyuma ya kosa letu sisi wote. Pointi zenu hazikufutwa siku ile tuliyoandika karatasi. Zilifutwa ile siku ya posho tuliyocheka, pasipo kuuliza kipa yuko wapi.

Nyuma ya yale, kapiteni wa kalasi ya pili na mmoja wetu walikwenda kwa yule kipa. Walimkuta nyuma ya nyumba, anachagua mawe na mdogo wake. Hakukasirika. Alisema: «Yaya, ku nyumba tuko batu saba. Minervali nani atalipa?» Masomo ya msingi yalifanywa bure tangu 2019, lakini sisi wa masomo ya juu tunalipa bado, na kila mtu anajua siku ile jina lake linaposomwa na kuambiwa arudi nyumbani. Hakuna neno zuri tulilokuwa nalo la kumjibu. Tulikaa naye, tukasaidia kuchagua mawe mpaka jua lilipoanguka, tukarudi.

Kwa sababu hiyo msimu huu tumeweka mambo matatu.

La kwanza: mchezaji akikosa mara moja, kapiteni wake anakwenda kwao mbele ya siku tatu, kisha anamwambia mwalimu wa kalasi. Asingoje mara ya pili. Hamburg haikuanguka siku moja, na hawa wanne hawakuondoka siku moja.

La pili: kila ekipe iandike watu 12, siyo 8 ao 9. Kiel ilishinda kwa benchi. Mwenye kukaa benchi asijione ni bure. Yeye njo nguzo ya pili.

La tatu ni ombi kwa wakubwa wetu, na tunaliomba kwa heshima. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani juu ya minervali aruhusiwe kuja kwenye uwanja siku ya posho na kucheza na kalasi yake. Tunajua masomo hayaendi pasipo feza, na walimu wetu vilevile wana watoto. Lakini siku anayorudishwa nyumbani njo siku shimo linamuita. Akiwa na ekipe inayomngoja siku ya posho, ana kamba moja inayomfunga na sisi. Ni kamba ndogo. Hatuna nyingine.

Kati ya wale wanne, wawili wamerudi kalasini mwaka huu. Wa tatu yuko Fungurume kwa mjomba wake. Kipa bado. Jina lake tumeliacha katika daftari ya ekipe, na mbele ya jina hatukuandika kitu.

6. Maulizo ya kujifunza

1. Kombe na shampiona vinaachana kwa nini? Toa mfano wako mwenyewe.

2. Ekipe imeandika 45:23 mwisho wa msimu wa michezo 34. Ikiwa ililingana mara 5, ilishinda mara ngapi na ilipigwa mara ngapi?

3. Katika shampiona yetu ya kalasi 6 kuna michezo 30. Kalasi moja ikitoka, inabaki michezo mingapi?

4. Ungekuwa katika kamati yetu, ungefuta pointi za kalasi ya saba ao ungeziacha? Eleza sababu, na fikiria pia kalasi ya nane.

5. Nani hayupo katika kalasi yako juma hili? Unajua kwao?

Ulizo la tano halijibiwi kwa kalamu.

Shampiona mpya inaanza siku ya posho inayokuja, saa nane. Mchezo wa kwanza: kalasi ya saba na kalasi ya pili. Kujeni wote.

Kamati ya michezo